Sarafu ya Tundu ya Aglaia

Kwa sarafu za kale, Eftimie hakuwa na mpinzani katika mji mzima wa Brăila, na mwenyewe alikuwa wa kwanza kukwambia. Fundi kufuli huyu mstaafu alikuwa akiitupia jicho tu sarafu ya bani kumi ya mwaka 1906, ile yenye tundu katikati, anakueleza ilitengenezwa mji gani. Za Brussels hazina alama. Za Hamburg zina herufi J, ndogo kama yai la chawa. Wenzake wakipapasa miwani, yeye keshajibu.

Basi asubuhi ya tarehe mosi Machi akafungua kopo lake la biskuti, akalikuta tupu. Codruța, mke wa mwanawe, alikuwa amezitia sarafu zote uzi mwekundu na mweupe, akawagawia wanawake wa jengo lao wavae kifuani, kama ilivyo ada ya siku hiyo.

"Baba, si zina tundu? Nilidhani umeziweka kwa ajili ya Machi."

"Umenimaliza, wewe mtoto! Ya Aglaia ilikuwa humo!"

Aglaia alikuwa mkewe, sasa marehemu. Kila Machi ya ndoa yao alivaa sarafu ile ile, na kwenye kopo zima ni hiyo tu iliyokuwa ya Hamburg. Eftimie akamgeuzia Codruța mgongo, akachukua lenzi, akashika ngazi. Ataipata tu, hilo hakulitilia shaka.

Kasheshe ilikuwa hivyo vifua. Uzi haufunguliwi mpaka miti ichanue, ni mkosi, kwa hiyo ilimbidi ainame na lenzi yake palepale sarafu ilipofungwa.

"Mzee Eftimie, unatafuta sarafu au unatafuta kofi?" aliuliza Bi Zamfira wa ghorofa ya juu.

"Tulia, mama. Ungekuwa kufuli ningeshakufungua."

"Lo! Mwoneni! Na mvi zote hizo!"

Ngazi nzima ikaangua kicheko. Sarafu ya Bi Zamfira ilikuwa ya Brussels. Ya jirani yake, Brussels. Mlango hadi mlango, Brussels tupu. Alipomaliza, kwa mara ya kwanza aliogopa. Je, kama macho yake ndiyo yaliyoipita?

Akarudi jikoni, akajibwaga kitini. Codruța akamletea bakuli la supu ya maharage, na alipoinama kuliweka, kitu kikaning'inia mbele ya pua ya mzee. Tangu asubuhi alikuwa hajamtazama, hasira ilimzuia. Sarafu hiyo ilikuwa imechakaa, imelika ukingoni mwa tundu. Hakuhitaji lenzi. Herufi J ilikuwepo.

"Mbona hii umevaa wewe?"

"Nzuri niliwapa watu, Baba. Hii imechakaa, nikaona aibu kumpa mtu." Kisha akaelewa, mkono ukamruka kifuani. "Ndiyo yenyewe? Ngoja niifungue, Baba, nisamehe..."

Eftimie akaushika ule mkono. Machozi yalimlengalenga wala hakuyaficha.

"Usiguse. Miti haijachanua," alisema. "Kaa tunywe supu, mwanangu."