Sauti ya Baba Kwenye Flashi

Baba alifia nyumbani Nkololo, na kaka yangu mkubwa akaamua azikwe hapohapo, kesho yake saa tisa alasiri. Mimi nilijua baba hakutaka hivyo, ila kaka hakuniamini. Miezi michache kabla, nilimleta ofisini kwetu Bariadi, nikamrekodi akitaja mwenyewe mahali pa kumzika. Fundi wetu wa kompyuta aliihifadhi sauti hiyo kwenye flashi, kwa aina ya faili inayoitwa ogi, yaani OGG.

"MP3 ina kampuni zinazodai haki zao," alinieleza. "Hii haina mwenyewe."

Siku ya maziko nikachomeka flashi kwenye redio ya betri ya msibani, mbele ya wazee. Redio ikawaka, ikatafuta, ikaandika kwamba hakuna faili. Nikachomoa, nikarudia. Vilevile.

"Dada, acha," kaka alisema. "Watu wanachimba kaburi, wewe unachezea redio."

"Sauti ya baba imo humu."

"Basi tuisikie."

Hakukuwa na cha kusikia. Nikampigia fundi. Akasema redio nyingi hazikutengenezwa kusoma ogi. Angeibadilisha iwe MP3 kwa kompyuta, lakini umeme mjini ulikuwa umekatika tangu asubuhi. "Tafuta kispika cha betri kilichoandikwa OGG kwenye boksi."

Saa sita nilikuwa juu ya pikipiki kwenda Bariadi. Maduka mawili hayakuwa nacho. Kwenye la tatu, mama muuzaji alipindua maboksi pamoja nami, tukisoma maandishi madogo pembeni, hadi tukakiona. Akatia betri, nikachomeka flashi. Baba akakohoa.

"Zima, mayu," nilimwambia yule mama kwa Kisukuma. "Betri zisiishe."

Niliporudi, kaburi lilishafika kiunoni mwa wachimbaji. Nikaweka kispika mkekani mbele ya kaka. Baba akasema kwa Kisukuma, taratibu, kwamba azikwe Sola, karibu na kaburi la mama yetu.

Kaka akaomba irudiwe. Aliposikia mara ya pili, aliinuka, akawaendea wachimbaji. "Fukieni," akawaambia.

Tulimzika Sola siku iliyofuata. Tukiwa garini njiani kurudi, kaka aliniuliza, "Kwa nini alikwambia wewe, si mimi?"

"Kwa sababu mimi nilimwuliza."

Akageukia dirishani.