Picha ya Kicheko

Fundi cherehani wa nyuma ya hospitali hakufupishii suruali mpaka akutanie kwanza. Mdomo huo kitinda mimba wake aliurithi wote. Moyo wa binti ulikuwa mgonjwa, ila kicheko chake kilikuwa kizima.

Siku moja wakaja wodini alikolazwa watu wa chuo kikuu. Walikuwa wanatafiti kinachomfanya mtu atie mkono mfukoni amsaidie asiyemjua. Kazi ngumu hiyo, maana mtu hata mwenyewe hajijui, tuyaache. Wakampiga mtoto picha mbili: moja anacheka ndani ya gauni la njano aliloshonewa na mama, nyingine analia, ametoka kuchomwa sindano. Wakawa wanazibandika kwa zamu juu ya sanduku la mchango wa matibabu yake pale getini.

Mchango ulikuja, lakini moyo haukuusubiri.

Baada ya maziko fundi akajikuta hana picha hata moja ya mwanawe. Simu yake ni ya tochi tu. Akaenda chuoni.

"Shikamoo, mama. Pole sana," mtafiti akamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Nimefuata ile picha ya kicheko."

Kijana akajikuna shingo. "Ile watu waliipita tu, mama. Ya kilio ndiyo iliyowagusa. Tukabaki na hiyo, nyingine tukaifuta."

"Kicheko chake kiliwakosea nini?"

Kijana akaingia ndani. Akamletea ile ya kilio, kubwa, ndani ya fremu. Fundi angeikataa, lakini uso wa mwanao unaukataaje?

Akaitundika ukutani, juu ya cherehani. Jioni muuza mkaa, jirani yake, akaja kufuata sketi. Akainua macho, akashika kifua.

"Masikini ya Mungu! Kumbe alikuwa mlizi, wa kulialia hivi?"

"Mlizi? Si wewe uliyemfukuza kibarazani kwako, anakucheka masizi ya puani?"

Jirani hasikii, machozi yanamtoka. Akafungua pindo la nguo, akatoa noti, akaiweka chini ya picha.

Fundi akaitazama ile noti. Wale wa chuo hawakukosea. Akaichukua, akamrudishia jirani kiganjani, akamfumba vidole.

"Shika, shoga yangu. Huyu hachangiwi tena. Niambie tu alivyokuwa anacheka."

"Si alikuwa..." Jirani akaanza, akatabasamu kidogo. "Alikuwa ana..."

Macho yakampanda tena ukutani, na maneno yakamwishia.