Tafsiri Niliyompa Mavyaa

Mwaka ule mavyaa, yaani mamake mume wangu, alinaswa na tamthilia ya Kizungu. Kiingereza hakukijua hata cha kuombea maji. Kila baada ya swala ya alasiri aliketi mbele ya televisheni yetu pale Wiyoni, kofia anayoishona mapajani, nami nikawa mkalimani. Ilikuwa habari ya msichana mpole aliyegundua kuwa mikono yake inaweza kuchoma mashetani. Mwanzoni alilia baada ya kila vita. Kadiri alivyozidi kuwa shujaa ndivyo alivyozidi kuipenda kazi ile, na kivuli chake kikaanza kumtangulia hata jua likiwa mbele yake.

Nilitafsiri kwa uaminifu hadi mume wangu alipooa mke wa pili, kule Chundwa. Hapo ndipo nilipompenda yule msichana kwelikweli, hasa hasira zake. Alipowachoma watu wasio na hatia, nilimwambia mavyaa wale ni mashetani waliojigeuza. Alipomtukana mwalimu wake, nilisema anamwombea dua. Mimi si mtu wa uongo, ila sikutaka ahukumiwe.

Kisha mume wangu akaja na ombi. Mke mwenzangu alikuwa karibu kujifungua, mimba ilikuwa inamsumbua, na daktari alitaka awe hapa Amu, karibu na hospitali. Je, angeweza kukaa kwetu? Mavyaa, mwenye nyumba, alisema uamuzi ni wangu, kwa kuwa mimi ndiye nitakayeshinda naye. Siku tano nilizunguka na jibu mdomoni, nalo lilikuwa hapana.

Siku ya sita tuliketi kama kawaida. Katika tamthilia, rafiki aliyewahi kumsaliti yule msichana alikuwa akibisha mlangoni kwake, mashetani wako nyuma yake. Msichana alisema maneno mawili matatu bila kuinuka mezani. Mavyaa akauliza kasema nini. Nikajibu kwamba anamwambia angoje, anatafuta ufunguo.

"Yuwatafuta ufunguo ndani ya supu?" akauliza mavyaa, sindano imesimama.

Nilishikwa na haya. Nikamwambia ukweli, kuwa amemwambia afe huko huko. Mavyaa hakushangaa. Alisema alijua zamani, tangu mmoja wa mashetani wangu alipochomwa akiwa na mtoto mgongoni. Alikuwa akingoja tu nichoke. Tukarudisha macho kwenye televisheni. Nje ya ule mlango makelele yalikwisha, na msichana akachovya mkate wake.

"Siwezi kumsamehe, mama," nikasema. Wala hakuuliza nani.

"Sikukwambia umsamehe, mwanangu. Nataka kuyua atalala wapi."

Nikasema atalala chumba changu cha juu, ndicho chenye upepo. Nilisema kwa hasira, na sikujaribu kuificha. Mavyaa aliitikia kwa kichwa, akaendelea kushona.

Mke mwenzangu alikuja Alhamisi, miguu imevimba, akaniamkia kwa adabu iliyozidi kuniudhi. Nilimchukia vilevile. Nikampokea mfuko, nikamtanguliza kwenye ngazi. Kidato cha nne cha ngazi yetu kimelegea. Sisi wa nyumbani tunakiruka bila kufikiri, na mgeni hawezi kujua asipoambiwa. Alikanyaga cha kwanza, akaegemea ukuta, akavuta pumzi. Akapanda cha pili. Akapanda cha tatu. Nilikuwa sijasema neno, na moyo wangu ulikuwa umetulia kabisa. Utulivu ule ndio unaonitisha hadi leo, kuliko hasira zangu zote. Alipoinua mguu nilimdaka mkono, akageuka kunitazama.

"Ruka hicho," nikamwambia.