Bibi Alisema Amewapokea, Sinema Ikaandika Amewachukua

Habari admin, naomba ufiche jina langu, na kijiji chetu usikitaje kabisa. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na sita, naishi Mandewa hapa Singida mjini, nauza mafuta ya alizeti. Sijaolewa, kabla hamjauliza.

Ugonjwa wangu ni sinema za anga, zile za watu kusafiri sayari za mbali. Tuna grupu la wagonjwa wenzangu, na mwaka huu baadhi yao wakasema tumechoka kutazama za wenzetu, tutengeneze yetu. Kamera ni simu, kofia ya mwanaanga ni ndoo iliyopakwa rangi ya fedha, na sayari ni haya mawe yetu makubwa. Kila sehemu ikitoka tunaichambua kwenye grupu, na mimi ndiye mchambuzi mkuu. Sina huruma. Kuna kaka aliacha kuigiza kwa sababu ya mdomo wangu.

Sasa kijana anayeongoza, tunamwita Dairekta, akataka kiumbe kizee kiitwacho Mama wa Sayari, kinachoongea lugha isiyojulikana. Yeye ni mtu wa kuja, Kinyiramba hajui hata salamu. Nikamwambia pembeni kwamba bibi yangu mzaa mama yuko kijijini huko Iramba, macho mekundu kwa moshi wa kuni, na aibu hana. Tukakubaliana isijulikane kuwa ni bibi yangu, maana wangesema nampendelea ndugu.

Bibi alifurahi kama mtoto aliyeshonewa nguo ya sikukuu. Akauliza, "Sasa niseme nini?"

Nikamwambia, "Chochote bibi, ila kwa Kinyiramba, na uongee kwa kirefu."

Bibi alikuwa mkunga, wa zamani zile kabla kina mama hawajazoea kwenda zahanati. Kwa hiyo alipokosa la kusema akaanza kutaja majina ya watoto aliowapokea wakizaliwa. Wa mwisho alikuwa Elia (si jina lake halisi), aliyezaliwa njiani kwenye mvua, mama yake akiwahishwa zahanati. Kisha akainua mikono mbele ya kamera akasema kwa lugha yetu, "Hawa wote nimewapokea kwa mikono hii."

Kabla sehemu hiyo haijatoka, Elia akashikwa na homa, akafariki. Bibi alilia msiba ule mpaka sauti ikakauka.

Siku sehemu ilipotoka nikaitazama pamoja na wenzangu. Baada ya majina sauti ya bibi ilikuwa imefunikwa na muziki, na chini ya picha yake Dairekta alikuwa ameandika Kiswahili cha kutunga mwenyewe: "Hawa wote nimewachukua. Na wengine nitawachukua."

Nilicheka. Nasema ukweli wangu, nilicheka, Elia hata hakunijia kichwani. Nikaandika kuwa maneno yale yamenisisimua mwili mzima na Mama wa Sayari apewe maua yake. Wengine wakafuata: "Huyu bibi noma!" "Hayo macho ni kompyuta au ni yake?"

Ndipo mmoja ambaye huwa haongei akaandika: "Macho ni yake. Mimi natoka kijijini kwake. Majina aliyotaja ni ya watoto wetu, na wa mwisho tumemzika juzi."

Nikaandika haraka kwamba tafsiri imekosewa, bibi amesema amewapokea, yule ni mkunga. Akanijibu, "Mchambuzi, umejuaje kuwa ni mkunga? Ni ndugu yako?"

Nikaandika: "Hapana. Simfahamu."

Jamani, bibi ambaye jina lake ndilo ninaloitwa! Niliogopa nini, sijui. Niliona watu wote wananitazama, mkono ukaandika.

Dairekta aliifuta sehemu ile, watu wa kijijini wakasema tunaficha ushahidi. Na kipande cha bibi walishakikata, kinatembea kwenye simu za kijiji chote. Nikijitokeza leo kusema ni bibi yangu, nani atamwamini mtu aliyemkana jana? Nilimpigia mwenyekiti wa kijiji, nikamwamkia, nikamweleza kuwa ilikuwa maigizo. Akasema, "Binti, na mimi nimeiona. Mjukuu wangu ametajwa humo." Akakata. Mjomba naye anasema nikienda polisi nitakuwa nimemwagia moto petroli. Hapa kwetu tunajua vikongwe wenye macho mekundu wakishaitwa wachawi huwa wanafanywa nini, sina haja ya kuwafundisha.

Nimemsihi bibi aje akae kwangu Mandewa. Anasema kuku wake atamwachia nani. Sijamwambia sababu, kwa kuwa nikimwambia sababu itabidi nimwambie na nilivyomkana.

Jana mchana kanipigia mwenyewe, sauti imechangamka.

"Mjukuu wangu, nimekuwa mtu mkubwa. Vijana wamekuja kuniangalia."

"Vijana gani, bibi?"

"Wa hapa hapa. Wengine nimewapokea mimi. Ila siku hizi hamfundishwi adabu, hakuna hata aliyeniamkia. Mimi nikawaitikia tu marahaba, wakatazamana. Mmoja akaniomba nitaje yale majina tena."

"Ukataja?"

"Nikataja. Wakayasikiliza yote, wakaondoka bila kuaga. Wamesema watarudi."

Nikakaa chini palepale kwenye madumu ya mafuta. Mtu mzima anaingiliwa uani kwake na vijana aliowatoa tumboni kwa mikono yake, na shikamoo hawampi. Mnaelewa hiyo ina maana gani? Yeye haelewi. Kabla hatujaagana aliniuliza, "Hivi ile sinema yetu inaishaje?"

Nikamwambia mtandao unakatika.

Ndugu zangu, wenye bibi na wasio na bibi, nifanyeje? Nimjibu nini, na nimjibu kabla hawajarudi?