Kata Mstari Mmoja

Asubuhi ile nilikuwa nimenuna, kwa sababu baba alikuwa amenipa sifuri mbele ya darasa zima. Alikuwa mwalimu wetu wa hesabu katika mji mdogo wa Kivu, mashariki ya Kongo, na kuwa binti yake hakukunisaidia hata kidogo. Jibu langu lilikuwa sahihi. Tatizo ni kwamba nilikosea hatua moja nikaifuta kwa kifutio mpaka karatasi ikatoboka, naye akainua daftari juu, akatuchungulia kupitia kile kitundu. Darasa likacheka.

"Hapana kufuta, Neema," alisema. "Kata mustari moja, andika sababu. Ukifuta, kesho utapotea palepale."

Ndivyo alivyotufundisha. Kosa linakatwa kwa mstari mmoja ili liendelee kusomeka, na pembeni unaandika ulikosea nini. Jambo jingine alilokataza ni kuita kitu kweli kabla hakijathibitishwa. Mama, Mchaga aliyeolewa naye akahamia huko, alikuwa akimtania kwamba hata akiambiwa chakula kiko tayari lazima kwanza afunue sufuria.

Mlio wa kwanza wa bomu ulikuwa mbali. Baba alimalizia mstari aliokuwa anauandika ubaoni.

Wa pili ulitingisha madirisha.

Alitutoa nje safu kwa safu, tumeinama kando ya ukuta, akituhesabu kwa kutugusa vichwani. Changu alikigusa kama cha wengine. Tulipofika getini hesabu haikutimia. Wenzetu wawili, Aline na Solange, walikuwa wamejificha stoo ya vitabu.

"Enda kwa mama yako," aliniambia. "Nakuja nyuma."

Mkono wa shati lake ulikuwa umejaa chaki.

Nilikimbia na daftari langu. Nikasikia wa tatu. Sikugeuka.

Mama alinikuta barabarani, akanishika mkono, hakuniachia hadi tulipovuka mpaka. Tulisubiri siku nne upande wa pili, tukiangalia kila mwanamume mrefu aliyevuka. Siku ya tano mama aliacha kuangalia, akaanza kuuliza magari ya kwenda Tanzania.

Arusha tulifikia Kaloleni, kwa mama mkubwa, dada yake mama, aliyekuwa fundi cherehani. "Mae! Mmebaki mifupa," alisema, akalia, halafu akatupikia mtori wa ndizi na nyama. Mwaka uliofuata nilipata nafasi ya kidato cha tano katika shule moja ya upande wa Usa River, kombi ya PCM, yaani fizikia, kemia na hesabu. Fomu ya kujiunga ilikuwa na mahali pa kuandika kama baba yu hai au ni marehemu. Niliandika: haijathibitishwa. Karani akanirudishia, akasema jibu hilo halipo. Mama alijaza fomu nyingine, pale akapaacha wazi. Ile ya kwanza niliikunja nikaiweka ndani ya daftari.

Somo la hesabu za juu, ambalo wote tuliliita Advance, ndilo lililobaki la kwetu. Kiingereza nilikuwa nakiokotaokota, ila hesabu zilinielewa nami nilizielewa. Kwa hiyo jaribio la kwanza liliporudi likiwa na alama thelathini na nne kwa mia, na maneno "kazi chafu" kwa wino mwekundu, nilihisi wamenifukuza tena. Mtaaluma, mwalimu aliyepanga masomo yetu, akaniita ofisini. Alisema kwa upole kwamba HKL, kombi ya historia na lugha, ingenifaa zaidi, na kwamba Ijumaa jina langu lingehamishwa.

Nilimfuata mwalimu wa Advance, Mwalimu Pallangyo, Mmeru asiyependa maneno mengi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Binti, mbona umekatakata hivi? Halafu haya maandishi ya pembeni ni nini?"

"Ni sababu, mwalimu. Nimeandika kwa Kifaransa kila mahali nilipokosea, na kwa nini."

Akapitisha kidole kwenye maandishi ya pembeni. "Kesho utakuja ubaoni," alisema.

Kesho yake Mlima Meru ulikuwa umejifunika ukungu na darasa lilikuwa la baridi. Swali lilijaa nusu ya ubao. Nilifika katikati nikaona nimeacha alama ya kutoa mistari mitatu nyuma. Nikasimamisha chaki.

"Dasta hiyo hapo, mkimbizi!" mmoja akasema. Wakacheka.

Sikuigusa. Nilikata mstari mmoja juu ya ile hatua, nikaandika pembeni, safari hii kwa Kiswahili: nimesahau alama kwa sababu ya haraka. Nikaendelea mpaka mwisho. Jibu likatoka. Mwalimu Pallangyo alisimama nyuma ya darasa akasoma ubao wote, makosa na yote.

"Nani alikufundisha hivi?"

"Baba yangu."

"Basi kuanzia leo hapa hakuna anayefuta," aliwaambia wote. "Na huyu haendi HKL."

Kidato cha sita nilipata A ya Advance. Nasema hivi kwa kujidai kabisa, maana ile A tuliipata wawili, mimi na baba. Mama mkubwa aliitangaza Kaloleni nzima, mpaka kwa wateja ambao hawakuwa na mtoto shuleni. Leo mimi mwenyewe nafundisha Advance, na wanafunzi wangu wananung'unika kuhusu mistari na sababu, nami nawaacha wanung'unike.

Mwaka jana simu ililia nikiwa nasahihisha madaftari. Alikuwa Aline. Alikuwa amenitafuta miaka yote. Aliniambia kwamba baba aliwakuta stoo, akawapitisha dirishani, Solange kwanza, kisha yeye. Ukuta uliangukia ndani kabla baba hajatoka. Majirani walimzika nyuma ya shule. Aline alikuwepo pamoja na Solange, ambaye naye yu hai mpaka leo.

"Nilimuona, Neema," alisema. "Nilimuona na macho yangu."

Nililia sana. Nilimlilia baba, nikamwonea fahari, vyote kwa pamoja, na hadi leo sijaweza kuvitenganisha. Kisha nikatoa ile fomu kwenye daftari lenye kitundu. Nilikata mstari mmoja juu ya neno langu, likabaki linasomeka. Juu yake nikaandika: marehemu. Pembeni nikaandika sababu: alirudi kuwachukua wanafunzi wawili, wote wawili wako hai.