Divai Kutoka Mlango wa Mto Loire

Mkiniona Jumapili nimekaa benchi la mwisho kando ya mlango, msidhani ni unyenyekevu; ni aibu, na kwa kuwa mmeshasikia toleo la majirani, sikieni na langu.

Asubuhi ya kipaimara pale kanisani kwetu Kaloleni, askofu akiwa tayari njiani kutoka kwao Sondu, mama yangu, mtunza vyombo vya madhabahu (ufunguo wa kabati huufunga kwenye ncha ya leso na hulala nao), aliangusha chupa pekee ya divai. Akakaa chini, akasema polepole, "Leo watanipokonya ufunguo." Nami, badala ya kukimbia dukani, nikasema ninayo divai nyumbani.

Rafiki mwandishi alikuwa ameniletea Muscadet kutoka Ufaransa, divai nyeupe isiyo na utamu hata chembe, na nilikuwa nimesoma habari zake mno bila kuionja: mizabibu yake huota pale Mto Loire unapokaribia bahari, upepo wa chumvi ukiipuliza, na ladha yake ni ndimu, tufaha bichi na jiwe lililonyeshewa. Kasisi aliuliza tu kama ni ya zabibu. Mama akauliza kama ni tamu.

"Ina tabia yake," nikamjibu.

"Tabia gani, nyathina, mwanangu?"

"Ya ukweli, Mama." (Mnaona nilivyokuwa.)

Tukaimimina yote katika kile kikombe kikubwa cha sikukuu. Wa kwanza kunywa baada ya askofu na kasisi alikuwa Mzee Okelo, mzoefu wa ile divai nyekundu, nzito, tamu kama sharubati. Alifumba macho, bega moja likapanda, akamgeukia mkewe na kunong'ona kwa sauti iliyofika hadi kwa wapiga ngoma, "Mama Atis, hii ni ile siki ya msalabani."

Kuanzia hapo watu waligusisha midomo tu, akina mama wakamtazama mama yangu, naye akaitazama leso yake, na mimi, kwa uchungu wake (na wa divai, nisiwafiche), nikasimama katikati ya kwaya nikaeleza kwa sauti kwamba si siki, kwamba ukali huo ndio uzuri wake, kwamba kule kuna mawe na ukungu, na chumvi mnayoisikia nyuma ya ulimi ni bahari yenyewe. Mpiga kinanda akageuka kunitazama.

Sasa, divai iliyobarikiwa haimwagwi wala hairudi kwenye chupa. Hunywewa pale pale ikaisha. Kasisi akanionyesha kikombe, kimejaa karibu hadi ukingoni.

"Wewe unaielewa," akasema.

Nikapiga magoti nikanywa yote, tumboni hamna hata chai, maana nilikuwa nimefunga ili nisome vizuri shairi la kumkaribisha askofu, na shairi ndilo lililofuata. Beti zenyewe sizikumbuki. Nakumbuka nimeishika mimbari kwa mikono miwili, nikimshukuru Baba Askofu kwa kutoka mlango wa Mto Loire.

"Mimi ni wa Sondu," askofu akasema.

"Huko huko, Baba."

Wakati wa chakula nilikuwa nimelazwa mkekani, nikisikia. Kasisi alikuwa bado hajaamua kama mama atanyang'anywa ule ufunguo. Alingoja neno la mkubwa wake. Askofu akatafuna kipande cha ngege, akafikiri.

"Mama, ile divai kali ingekaa vizuri na huyu samaki. Haikubaki kidogo?"

Mama akakaza fundo la leso. "Imeisha, Baba. Anayeielewa amelala pale."

Askofu akacheka mpaka akaweka samaki chini, kasisi naye ikambidi acheke, na ufunguo ukabaki kwenye leso.

Kwa hiyo chupa ikifunguliwa kwenye vikao vyetu vya vitabu, msiniulize ladha yake. Nitawaambia ni majimaji tu, basi, na nitasema nikiwa nimeketi.