Zambarau ya Mkeka Wangu

Mnisamehe kwa mwandiko na kwa maneno nitakayoyakosea. Niliishia darasa la saba, na mkono wangu huandika polepole kama mtu anayechambua dagaa. Kwa hayo naomba radhi. Kwa yanayofuata siombi.

Mimi ni msukaji wa mikeka. Kwetu ni Lipingo, karibu na ziwa. Mama ndiye aliyenifundisha, naye alifundishwa na bibi. Ukindu tunaukata mtoni, tunauchana, tunauanika, kisha tunautia rangi ndipo tusuke ukili, ule utepe mrefu unaoshonwa mpaka uwe mkeka. Nyeusi tunaipata kwa kufukia ukindu kwenye matope ya mtoni. Nyekundu, ile iliyoiva inayoelekea kahawia, tunaichemsha kwa maganda ya mabua ya mtama. Zambarau haitoki kwenye mti wala kwenye tope. Hiyo tunaagiza Mbinga, unga kidogo uliofungwa kwenye karatasi, na ukipiga chafya umeumaliza.

Ukiifungua ile karatasi huoni zambarau. Unaona kijani kinachong'aa kama mgongo wa nzi. Ni mpaka unga uguse maji yanayochemka ndipo sufuria nzima inageuka, na kila mara mimi huacha kuchochea nikatazama. Mama husema, "Koroga, mwanangu, rangi haiivi kwa kutazamwa." Nakoroga, lakini nimeshatazama.

Mkeka mpya wa rangi kwetu haukaliwi kabla haujaoshwa. Unapelekwa ziwani, unasuguliwa, unaanikwa mchangani, unarudishwa tena majini, mpaka maji yanayotiririka yawe meupe. Kila mtoto wa hapa anajua hivyo.

Mwaka wa kipaimara cha watoto wa kigango chetu nilisuka mkeka mrefu wa kuwekwa mbele ya altare, watoto wapige magoti juu yake askofu akija. Kati yake niliweka mistari ya zambarau, ile ile ambayo padri huivaa Kwaresma. Nilikuwa nimemaliza kushona pindo mwenyekiti wa akina mama wa kigango alipokuja nyumbani kuuchukua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndio huu? Mzuri. Ukunje."

Nikasema, "Bado haujaoshwa, mama."

Mimi sauti yangu ni ndogo. Nikiwa mbele ya wakubwa inakuwa ndogo zaidi, na macho yanaangalia miguu. Sijui alisikia nusu au alisikia yote.

"Mkeka mpya unaoshwa wa nini? Askofu aone mkeka uliopauka? Kunja, binti."

Nikakunja. Mama alikuwa shambani.

Siku ya ibada mvua ilinyesha tangu alfajiri. Wasichana walifika na magauni yao meupe yakiwa yamelowa hadi magotini. Wakapiga magoti. Walipoinuka, kila mmoja alikuwa na mistari ya zambarau kwenye gauni na magoti ya zambarau chini yake. Mmoja alilia mpaka askofu akamshika kichwa mara ya pili.

Baada ya hapo nikapata jina baya. Vijana wanaokausha nyavu ufukweni walikuwa wakiniona na ndoo wanaambizana, "Tokeni majini, huyo anakuja, ziwa litageuka zambarau." Mwingine anasema, "Usiku huyu halali, anachuja." Nilikuwa nikipita njia ya nyuma, kwenye mihogo, ingawa ni ndefu.

Mwenyekiti akatangaza mbele ya akina mama wote: mikeka ya kanisani sasa itakuwa ya rangi za asili tu, tope na mtama, au isiyo na rangi kabisa. "Rangi za dukani si zetu," alisema. "Zinatudanganya. Turudi kwenye asili."

Nilikuwa nimekaa nyuma, sikujibu. Lakini njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa nikijibu. Bibi yangu alikuwa akinunua unga ule kabla mama hajazaliwa. Aliufunga kwenye ncha ya kanga pamoja na hela ya chumvi. Mkeka ambao mama alizaliwa juu yake ulikuwa na zambarau. Sasa asili inaanzia wapi, kwa bibi wa bibi? Mtama naupenda, na tope nalipenda, mikono yangu inanuka tope mwaka mzima. Lakini sikukubali kuambiwa kwamba kilichopita mikononi mwa bibi yangu si chetu.

Mama alitaka nitulie. "Suka ya tope, mwanangu. Wakishasahau utarudisha."

"Hawatasahau, mama. Watazoea."

Hayo niliweza kuyasema kwa sababu tulikuwa wawili tu.

Nikasuka mkeka mwingine. Ulikuwa na nyeusi ya tope, nyekundu ya mtama, na katikati zambarau, pana kuliko ile ya kwanza. Niliuosha ziwani mpaka vidole vikakunjamana. Vijana wa nyavu wakacheka siku ya kwanza na ya pili. Baadaye mmoja akaja kutazama maji yanayotoka. "Mbona hayageuki?" akauliza. Nikaendelea kusugua.

Akina mama walipokutana nje ya kanisa kuchagua mikeka ya sikukuu ya mtakatifu somo wa kigango, nilikwenda. Nilivaa gauni langu la kwaya, ambalo ni jeupe. Kwenye kwaya mimi husimama mstari wa mwisho na mara nyingi nafungua mdomo tu. Nilibeba mkeka kichwani na ndoo ya maji mkononi.

Mwenyekiti akaufunua kwa ncha ya kidole. "Zambarau tena? Binti, wewe husikii?"

Basi nikautandika mkeka chini mbele yao. Nikaumwagia maji ya ndoo, yote. Kisha nikaketi juu ya ile zambarau na gauni langu jeupe.

Halafu mmoja akasema, "Utashikwa na kikohozi." Mwingine akasema, "Mwacheni, anaatamia kama kuku." Wakacheka, lakini hawakunifukuza. Wakaendelea na mazungumzo ya nani ataleta kuni na nani ataleta mchele, na mimi nimekaa hapo kati, baridi imenipanda mpaka mbavuni. Nilipiga magoti pia, kama wale watoto, nikayakandamiza. Mama alikuwa nyuma yao, amejishika mdomo.

Mazungumzo yalipoisha nikasimama. Nikafanya jambo ambalo sijawahi kulifanya maishani: niliwageuzia wakubwa mgongo, nikashika gauni kwa nyuma nikalitandaza waone.

Mwenyekiti akainama. "Geuka. Magoti nayo." Akapitisha kiganja kwenye goti langu, akakitazama kiganja, akakipangusa kwenye kanga yake, akatazama na kanga.

"Leo haikutoka," alisema. "Rangi ya dukani ni rangi ya dukani. Siku nyingine itatoka."

Hapo sauti ikaja, ndogo vile vile, lakini macho hayakuwa miguuni. "Ikitoka nitaiosha tena, mama. Kuiondoa siiondoi."

Akajifunga kanga yake upya. "Basi utandikwe mlangoni. Mbele ya altare, hapana."

Umetandikwa mlangoni mpaka leo. Kila anayeingia kusali anaukanyaga, na askofu akija ataukanyaga kabla hajafika popote. Ninasuka mwingine sasa, na zambarau yake ni pana zaidi. Ukikamilika nitaupeleka kwa mwenyekiti, tayari umeoshwa, na akisema mlangoni nitamuuliza kwa nini.

Ninyi mnaosoma, mkiwa Liparamba, Mbinga au mbali zaidi, niandikieni. Niambieni kwenu mnaishikishaje rangi isichuje, kama mnatia chumvi au majivu, na bibi zenu walinunua rangi gani. Mwandiko wowote nitausoma, nami nitajibu, ingawa polepole. Ila kama unataka kuniambia nirudi kwenye tope peke yake, usinunue stempu.